Dada, bibi au kituo: mtoto abaki na nani likizo ya uzazi ikiisha?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ni miezi 3. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi 6. Hesabu hizi mbili hazikutani. Mama anarudi kazini mtoto hajakaa, hajaota jino na bado anaamka usiku kunyonya, na swali lililokuwa likiahirishwa tangu mimba sasa linataka jibu: huyu atabaki na nani?

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo familia nyingi za mjini huzipigia hesabu: dada wa kazi, bibi, na kituo cha kulelea watoto mchana. Ya nne, mzazi mwenyewe kupunguza kazi, nitaigusa kwa kifupi maana kwa wengi haiwezekani. Mifano ni ya Dar es Salaam kwa kuwa ndiko ninakokufahamu. Aliye Mwanza, Mombasa au Nairobi atabadilisha majina ya barabara tu, foleni ni ileile.

Tupime kwa vigezo gani

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akaanza kuzitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya jirani na Kampala. Alikuwa anakaa nao nyumbani, anatazama mama na kichanga wanavyoishi, kisha anarudi tena baada ya majuma machache. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anazisoma ishara zake na kuziitikia hutulia: anatambaa kwenda kuchungulia mambo, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea. Aliona pia kwamba watoto wengi walishikamana na zaidi ya mtu mmoja, awe baba, bibi au ndugu mkubwa. Jambo hili la pili husahaulika sana pale mama anapoambiwa kwamba kumwachia mtu mwingine mtoto ni kumharibu.

Utafiti wa pili wa kuujua ni wa Marekani. Ulianza mwaka 1991 chini ya taasisi yao ya afya ya mtoto, NICHD, ukawafuata watoto zaidi ya 1,300 tangu wazaliwe. Waliopata malezi bora mchana walionekana kuwa mbele kidogo katika lugha na kufikiri. Waliokaa saa nyingi sana vituoni walionekana kuwa na ukaidi kidogo zaidi. Lakini kilichoeleza tofauti za watoto zaidi kuliko aina ya malezi ya mchana ni mambo ya nyumbani kwao, hasa mzazi mwenyewe anavyomjali mtoto. Hao ni Wamarekani, maisha yao siyo ya Mbagala, kwa hiyo mimi huchukua mwelekeo wa matokeo yale, sichukui vipimo vyake.

Kutokana na hayo, kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale. Uthabiti: je, mtoto atakuwa na mtu mmoja anayemjua, asiyebadilika kila baada ya miezi miwili? Kuitikiwa: akilia, akicheka, akinyoosha kidole, kuna mtu wa kumjibu? Kisha maziwa, afya na usalama. Kisha saa na fedha, maana njia nzuri usiyoweza kuilipia au kuiwahi jioni haikusaidii. Mwisho, inamfaa nani.

Dada wa kazi

Uthabiti. Kwenye karatasi, huyu ndiye mshindi: mtu mmoja, nyumba ileile, kitanda kilekile. Shida ni kwamba dada huondoka. Anakwenda kwao Krismasi harudi, anaitwa na mjomba, anapata mshahara mzuri zaidi nyumba ya tatu. Kila anapoondoka, wewe unapoteza msaidizi, lakini mtoto anampoteza mtu wake, na kwa mtoto wa mwaka mmoja hicho ni kilio cha kweli hata kama hajui kukisema. Ndiyo maana swali la kumtunza dada ni swali la malezi moja kwa moja. Mshahara unaolipwa kwa tarehe, siku ya kupumzika inayojulikana, jina lake kuitwa kwa heshima mbele ya watoto, nauli ya kwenda kusalimia kwao: hivyo ndivyo vinavyombakiza mtu.

Kuitikiwa. Hapa nina neno. Familia nyingi huajiri mlezi kisha humkabidhi nyumba nzima. Adeki, afue, apike maharage, apokee maji, ampeleke wa chekechea, na katikati ya hayo amwongeleshe mtoto. Haiwezekani. Atamlaza mgongoni kwa kanga au atamweka mbele ya katuni ili amalize kufua, na wewe ungefanya hivyohivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Ukitaka hilo litimie, punguza kazi. Nguo zifuliwe Jumamosi na kila mtu, chakula cha jioni kipikwe ukirudi, na dada aambiwe waziwazi kwamba mtoto kwanza, sakafu baadaye.

Maziwa, afya na usalama. Mtoto yuko nyumbani, hivyo haambukizwi kila mafua yanayopita. Maziwa yaliyokamuliwa hudumu saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 kwenye friji. Chumba cha Dar mwezi wa Februari kinapita nyuzi 25 hata usiku, kwa hiyo bila friji au chombo chenye barafu usiyaamini. Mwoneshe dada kumnywesha kwa kikombe safi, ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Udhaifu wa njia hii ni kwamba hakuna anayeona. Jiko la mkaa, ndoo ya maji iliyoachwa wazi, mgeni anayeingia: yote yako mikononi mwa mtu mmoja. Jirani mwenye ruhusa ya kupiga hodi saa yoyote anafaa kuliko kamera, kwani jirani anaweza kumpokea mtoto pia.

Na umri. Sheria ya Tanzania inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefika 14 ni kazi nyepesi tu isiyomzuia shule. Kukaa peke yake kutwa na kichanga si kazi nyepesi. Tafuta mtu mzima.

Saa na fedha. Kwa anayeondoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku, hakuna njia nyingine inayofika huko. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi kabla hujapatana. Ongeza chakula, sabuni, matibabu na michango ya hifadhi ya jamii.

Inamfaa nani. Mwenye kichanga, mwenye saa ndefu au zamu, na mwenye nafasi ya kumlaza mtu mwingine kwa staha.

Bibi

Watafiti wakiongozwa na Kristen Hawkes waliishi na Wahadzabe, jamii ya Tanzania inayoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi, wakawa wanapima nani analeta chakula kiasi gani. Waligundua kwamba mama akishajifungua na kupunguza kutafuta chakula, ukuaji wa watoto wake waliotangulia ulifuata juhudi za bibi kuchimba mizizi. Kutokana na hapo, miaka ya 1990, wakatoa hoja kwamba bibi ni mojawapo ya sababu za binadamu kuishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa.

Uthabiti. Bibi haachi kazi kwa sababu ya mshahara. Lakini njia hii ina sura mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni bibi kuja mjini. Mtoto anabaki na mama, baba na bibi, mzunguko unapanuka. Ya pili ni mtoto kupelekwa kijijini. Kuanzia kama miezi 7 hadi karibu miaka 2, ndipo mtoto huumia zaidi akitenganishwa na mtu aliyeshikamana naye. Akipelekwa katikati ya kipindi hicho anaachana na mama, na akirudishwa baada ya miaka miwili anaachana na bibi, ambaye sasa ndiye mama yake. Wengi tumekulia hivyo na tuko salama, sisemi ni dhambi. Nasema watu huhesabu kuachana kwa kwanza tu, kumbe kuna kwa pili.

Kuitikiwa. Hadithi, nyimbo, lugha ya kwao, na muda. Bibi ana muda wa kumsikiliza mtoto akibwabwaja kuliko mtu yeyote mwingine ndani ya nyumba. Kichanga anapata hazina. Ila mtoto wa mwaka na nusu hukimbia, hupanda meza, hujifungia chooni, na magoti ya bibi hayamfikii. Hapo bibi anahitaji msaidizi, hata wa nusu siku.

Maziwa, afya na usalama. Hapa ndipo ugomvi hutokea: uji katika mwezi wa tatu, maji ya kunywa, dawa ya chango. Bibi amelea saba wakapona, wewe una kadi ya kliniki na mtoto mmoja. Kanuni inayookoa nyumba ni kwamba kila mtu aongee na mama yake mzazi. Kama ni mama mkwe, baba wa mtoto ndiye aseme, tena mapema. Kingine kinachosaidia ni kumchukua bibi mkaenda naye kliniki, maneno ya nesi hayamvunjii heshima. Akipelekwa kijijini kabla ya kuacha ziwa, kunyonya kumekwisha, na Shirika la Afya Duniani linashauri kuendelea hadi miaka 2 au zaidi.

Saa na fedha. Bibi si bure. Ameacha shamba, kikundi chake, msikiti au kanisa lake, pengine na mzee wake nyumbani. Lipa kibarua wa kumlimia, nunua dawa zake za presha, mpe fedha yake mkononi asiyoitolea maelezo. Na mwulize kama anataka. Bibi wengi hukubali kwa sababu hawajapewa nafasi ya kukataa.

Inamfaa nani. Mwenye bibi mwenye afya na hiari, hasa kwa mwaka wa kwanza, na mzazi anayelea peke yake anayehitaji mtu mzima mwingine ndani ya nyumba.

Kituo cha kulelea watoto mchana

Uthabiti. Mlezi mmoja akiumwa, kituo hakifungwi. Hiyo ni nguvu yake. Udhaifu ni kwamba mtoto anaweza kuwa wa wote na asiwe wa mtu. Uliza swali moja: ni nani hasa atakayembeba mwanangu, na ana wangapi wengine? England sheria inataka mlezi 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2. Si lazima upate hivyo Tabata, lakini mlezi mmoja mwenye vichanga 10 hawezi kumwitikia hata mmoja, awe na moyo kiasi gani.

Kuitikiwa. Nenda bila taarifa, saa 10 jioni, walezi wakiwa wamechoka. Tazama walezi wako wapi: wameketi mkekani na watoto wakiongea nao, au wamesimama mlangoni na simu? Watoto wadogo wako huru sakafuni, au wamefungwa kwenye viti? Mwongozo ule wa 2019 unasema kichanga asizuiwe kujongea zaidi ya saa 1 mfululizo. Chumba cha watoto kumi kilicho kimya mchana, nje ya muda wa kulala, kinanipa wasiwasi kuliko chenye kelele.

Kuna jambo jingine linalonikera. Vituo vingi huvutia wazazi kwa sare, madaftari na mtoto wa miaka 2 na nusu anayeandika herufi. Wazazi wanalipia. Katika umri huo mtoto anajifunza kwa kumwaga maji kikombe hadi kikombe, kupanga vifuniko, kubishana kuhusu mpira, kuuliza "hii nini" mara mia. Programu ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021, inahesabu fursa za ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama. Madaftari yanaweza kungoja. Kituo chenye mchanga, vibuyu na mlezi anayeimba kinafaa kuliko chenye ubao mzuri.

Maziwa, afya na usalama. Tarajia mafua na kuharisha miezi ya mwanzo, ni kawaida ya watoto wanapokusanyika. Angalia kama meza ya kubadilishia nepi iko mbali na chakula na kama mikono inanawiwa kwa sabuni kweli. Maziwa ya mama yana friji, yenye majina? Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kituo kinapaswa kusajiliwa, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukuambia kama kimesajiliwa. Omba kuona cheti. Mwenye nacho haoni shida.

Saa na fedha. Kituo kikifunga saa 11 jioni na wewe uko Posta saa hiyo, nani atamchukua Kimara? Kabla ya ada, jibu hilo. Na hapa kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi: sheria ileile ya 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha kupata hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Mtoto akiwa Gongo la Mboto na wewe mjini, saa hizo ni za kwenye karatasi. Kituo kikiwa hatua chache kutoka kazini, zinakuwa za kweli. Wengine huafikiana na mwajiri wazitumie kuondoka mapema. Kwenye ada, uliza pia ya usajili, chakula, na kama likizo za kituo zinalipiwa.

Kwa upande wa mama, utafiti uliofanywa Korogocho, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2019 uliwapa baadhi ya akina mama nafuu ya ada za vituo. Waliopata nafuu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi, na akina mama wanaolea peke yao waliweza kupunguza saa za kazi bila kipato kushuka.

Inamfaa nani. Mwenye mtoto aliyekaribia miaka 2 au kuvuka, mwenye saa za kazi zinazotabirika, na anayeishi chumba kimoja ambapo dada hana pa kulala.

Mzazi kubaki nyumbani

Kwa uthabiti na maziwa, njia hii haina mpinzani. Kwa fedha ndiyo ngumu, na mtu aliyeacha kazi kwa shingo upande anaweza kuwa nyumbani kutwa na asimwitikie mtoto. Anayesema "nitafanya biashara ya mtandaoni huku nalea" ajue mtoto anayetambaa hatamwachia saa 2 mfululizo. Na mzazi anaweza kuwa baba. Tanzania inampa baba siku 3 tu za likizo na Kenya wiki 2, lakini baba mwenye kazi ya zamu au ya kujiajiri mara nyingi ana asubuhi nzima ambayo familia haijawahi kuihesabu.

Kwa hali yako

Kichanga wa miezi 3 na kazi iko mbali: anza na mtu nyumbani, bibi kwa miezi michache au dada mtu mzima, kisha fikiria kituo baadaye. Si lazima uamue mara moja kwa miaka mitano. Kinachomfaa mtoto wa miezi 4 si kinachomfaa wa miaka 2 na nusu.

Nesi, mlinzi au mhudumu wa hoteli mwenye zamu za usiku atashindwa na kituo, hata kiwe kizuri vipi. Mama wa genge au wa sokoni yuko kinyume: kituo au mama wa jirani karibu na biashara humwezesha kwenda kunyonyesha na kurudi. Mama wa jirani naye mpime kwa maswali yaleyale ya kituo, ana watoto wangapi na anawalaza wapi.

Una dada mzuri na mtoto amefika miaka 2? Usimwondoe. Mpeleke mtoto kituoni nusu siku akacheze na wenzake, arudi kwa mtu wake mchana. Ghali kidogo, lakini wanaoweza husifu.

Mtoto njiti au mwenye ulemavu anahitaji mtu atakayefundishwa mazoezi na dawa zake na asiondoke, kwa hiyo uthabiti uzidi vigezo vingine vyote. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea mama wa njiti muda wa likizo kwa kuhesabu hadi wiki 40 za ujauzito zitimie, dai haki hiyo kabla hujatafuta mlezi.

Kama kijiji ndiyo njia pekee, chelewesha hadi mtoto aache ziwa ukiweza, mpigie simu saa ileile kila siku, na siku ya kumrudisha bibi aje naye akae mjini wiki kadhaa kabla hajaondoka.

Njia yoyote utakayochagua, mlezi aanze wiki mbili kabla likizo haijaisha, wewe ukiwepo. Siku za mwanzo atazame, kisha ashike, kisha utoke saa moja, kisha nusu siku. Na asubuhi ya kwanza ya kazi usitoroke kwa mlango wa uani ili asilie. Muage, mwambie utarudi jioni, uondoke.